Habu Zipoe Kwanza

"Zima gari!" nilimfokea shemeji ukingoni mwa mto. Tulikuwa tumeteremka mlima mzima kwa kukanyaga breki, na habu, vile vitovu vya katikati ya magurudumu, zilikuwa zinaunguza. "Habu ya moto ikizama hunyonya maji kupitia mipira ya sili. Grisi itaharibika, beringi zife. Sili nimezifunga mwenyewe jana. Hunichezei kazi yangu!"

"Dada yako ana uchungu wa kuzaa ng'ambo, anasubiri gari hili limpeleke hospitali. Na mto unajaa!"

"Haraka haraka haina baraka." Nikachomoa ufunguo.

Akatemea habu mate, yakachemka. Akatemea tena na tena, hadi yakatulia. Ndipo akaingia mtoni kupima kina. Maji yakamfika kifuani; gari halingeweza tena kuvuka. Akarudi akitetemeka.

"Shemeji, beringi ikiingia maji hufa lini?"

"Baada ya wiki mbili hivi."

"Na mwenye uchungu?"