Machicha ya Njia Panda

Lanxiang alichuja dawa ya bintiye: magamba ya nyenje, mizizi michungu na nanaa. Yunzhi akainywa huku amekunja uso. Machicha Lanxiang aliyatia bakulini, akayamwaga njia panda kama wafanyavyo akina mama wote wa mtaa ule, ili atakayeyakanyaga aondoke na ugonjwa.

Aliyeyakanyaga ni Bibi Kuang, muuza tofu. Upele ukateremka mgongoni mwa Yunzhi, ukapita chini ya mlango, ukafuata uchochoro bila haraka na kumpanda bibi wa watu kupitia kisigino. Bibi Kuang alijikuna, akaenda kununua dawa ile ile. Machicha yake yakakanyagwa na kinyozi. Ya kinyozi akayakanyaga Yunzhi akienda shule.

Mtaa mzima ulikuwa umeshapokezana upele huo tangu kiwanda cha rangi kianze kumwaga maji yake mtoni. Mzee Shen, mwenye duka la dawa, aliwashauri wasioge maji ya mto. Wakamuuliza kama waoge mate. Aliyesalimika ni Bwana Ouyang, mwenye kiwanda, kwa kuwa nyayo zake hazikugusa ardhi ya mji ule. Gari lilimchukua ndani ya ua wake na kumshusha ndani ya kiwanda.

Lanxiang alichoka kumwona mtoto akilala amefungwa vitambaa mikononi asijichune. Aliposikia kwamba tajiri atafungua jengo jipya, alidamka akamwaga machicha kwenye ngazi ya kwanza, maana gari halipandi ngazi. Kabla ya adhuhuri upele ulimwondoka Yunzhi. Lanxiang alilia kwa furaha.

Jioni mumewe Dehou, aliyekosa kazi tangu majira ya baridi, alirudi midomo imevimba kwa upele.

"Nimepata kazi, mama Yunzhi. Ya kudumu."

"Kazi gani?"

"Kumtangulia tajiri. Popote anaposhuka, mimi nakanyaga kwanza."

Lanxiang alimvua shati, akamkuna mgongo, kisha akainjika chungu. Dehou alikunywa yote.

"Ila haya machicha usiyapeleke tena kule kwenye ngazi," alisema. "Si nitayakanyaga mimi mwenyewe? Yamwage hapo njia panda."

"Hapo anapita Bibi Kuang."

"Bibi yule ameshazoea."

Lanxiang alichukua bakuli akatoka. Bibi Kuang alikuwa anarudi na mkokoteni wake mtupu. Lanxiang aliyamwaga, akamwamkia shikamoo, akasogea kando kumpisha.