Mtoto wa Kwenye Ngazi za Mnara

Mimi nina hasira, na usiniambie nitulie. Tangu Jumatatu naambiwa nitulie. Kazini naambiwa, na nikiwa kwenye gari narudi nyumbani Burnsville, mke wangu Leah ananipigia simu kuniambia hilohilo. Situlii. Na wa kukasirikiwa wa kwanza ni mimi mwenyewe, lakini huko tutafika.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee hapa Bloomington. Ghorofa ya pili, chumba cha dirishani, anakaa Margaret, bibi wa Kiingereza wa miaka themanini na sita aliyehamia Marekani akiwa binti. Miguu imemchoka, ila akili iko palepale. Dawa zake anazijua kuliko mimi ninayempelekea. Ana deki ya video ya zamani na kanda moja tu, filamu ya Waingereza isiyo na rangi, ya kutisha na kuchekesha kwa pamoja. Bonge la mtu anapewa kazi ya kulinda mnara wa taa wa baharini, ule wa kuongozea meli, na kijiji kizima kinamwambia mnara una mzimu. Taa inazimika yenyewe, milango inajigonga, bonge anajificha ndani ya pipa la samaki. Mwisho inajulikana mzimu ni genge la magendo lililojifunika mashuka.

Kila siku saa tisa alasiri tunaiangalia. Mimi zamani, kabla sijaja huku kusoma, nilikuwa mtafsiri wa filamu kwenye banda la video pale kwetu Tukuyu: filamu inacheza, mimi naisimulia kwa Kiswahili. Watu walikuja kunisikiliza mimi, filamu yenyewe ilikuwa nyongeza. Na kazi ile ina mtindo wake: mteja unamtia ndani ya filamu. "Mama Fadhila pale nyuma keshamwona adui, stelingi bado amelala!" Banda zima linacheka. Basi na Margaret nikamfanyia vivyo hivyo, kwa Kiingereza changu: "Bibi, mzimu huo nyuma yako, ucharaze!" Naye anachukua fimbo yake anaucharaza hewani, tunacheka mpaka machozi.

Kuna mahali mtoto wa kike anashuka ngazi za mnara na taa ya chemli mkononi. Bonge akimwona tu, anazimia. Hapo Margaret husema kila siku, "Yule ni mimi. Nilikuwa na miaka tisa." Na mimi kila siku, "Ndiyo, bibi." Kwetu mtu mzima habishiwi.

Sasa kosa. Jamani, kosa ni langu, sikatai. Mwisho wa zamu lazima uandike ripoti, mzee wako ameshindaje. Wenzangu wanaandika amekula, ameoga, amelala. Mimi mkono ulishazoea banda. "Leo Margaret amepambana na mzimu ngazini, akaushinda kwa fimbo." "Leo Margaret kaingia mnarani, taa ikazimika, hakuogopa." Miezi minane naandika hivyo! Nilidhani nampamba.

Jumatatu Kerubo akaniita ofisini. Huyu ndiye nesi mkuu wetu, Mkenya wa Kisii. Ripoti zangu zote alikuwa amezitandaza mezani. Pembeni alikaa Ian, mtoto wa pekee wa Margaret, ametoka Eagan na koti hajavua.

"Lusajo, asante kwa hizi ripoti," Kerubo akasema. "Zimetusaidia sana. Huyu mama anaona vitu. Ijumaa tutam-move aende third floor."

Ghorofa ya tatu! Kule wanawekwa waliopotelewa na akili, na milango inafunguliwa kwa namba ambazo wakazi hawapewi. Deki haipandi kule, wanasema nyaya ni hatari. Na tangu nianze kazi hapa sijaona mtu aliyepelekwa kule akarudi chini.

"Anaona vitu gani?" nikauliza.

"Si ni wewe umeandika? Mzimu. Tena anasema yeye alikuwa kwenye movie. Hata mwanawe anajua."

Ian akaitikia kwa kichwa, kwa huzuni. Akasema mama yake ameirudia hadithi hiyo miaka na miaka.

"Wewe filamu yenyewe umeshaiangalia?" nikamuuliza.

Hajawahi. Loh! Mtu mzima mwenye mvi, na hajawahi kukaa saa moja na nusu na mama yake aone anachokisema!

"Dada Kerubo, mzimu ni wa kwenye filamu! Mimi ndiye niliyemtia humo!"

"Kaka, punguza sauti."

"Sipunguzi! Bibi wa watu anafungiwa kwa sababu ya mbwembwe zangu?"

"Sawa, mzimu ni wako," Kerubo akasema, kwa upole unaoudhi. "Lakini hiyo ya kuwa ndani ya movie ni yake. Ama wewe unaamini alikuwa mle?"

Sikuwahi kuamini hata siku moja.

Nikawaambia twendeni chumbani. Wakanifuata, labda wakiogopa nitapayuka ukumbini. Nikaweka kanda, na kwa mara ya kwanza maishani nikaangalia filamu hiyo kimya. Niliangalia kama zamani nilivyoangalia filamu mpya kabla ya kuitafsiri: mikono, viatu, nani kashika nini. Mtoto akashuka ngazi. Nikaisimamisha. Picha ilitetemeka lakini ilionekana. Chemli kaishika kwa mkono wa kushoto, na kidole cha mwisho kimepinda kwa nje kama ndoano, hakigusi mshikio.

Mimi ndiye ninayemvisha Margaret glavu za baridi, Novemba mpaka Machi. Kidole cha mwisho cha kushoto kila siku kinagoma kuingia.

Nikamsogeza na kiti chake mpaka mbele ya televisheni. "Bibi, naomba mkono." Akauinua, akauweka kwenye kioo, pembeni ya ule wa mtoto.

"Haki ya Mungu," Kerubo akasema.

Ian akapiga magoti. "Mama, mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia," Margaret akasema. "Tangu ukiwa na miaka sita. Ukawa unasema, 'Ndiyo, mama.'" Kisha akaninyooshea mimi kile kidole. "Na huyu vilevile. Ila huyu ana adabu, huongeza 'bibi'."

Afadhali angenizaba kofi.

Kuhamishwa kumefutwa. Kerubo amenipa onyo la maandishi: niandike ninachokiona kwa macho yangu, basi. Ian anakuja kila alasiri sasa, anakaa kwenye kiti changu, na hilo nalo linaniudhi.

Leo nimeandika ripoti ya maneno matatu. "Margaret kaangalia filamu." Nikaweka kalamu chini, nikaichukua tena, nikaongeza la nne: "Yumo."