Mwanao Anakuja

Jina la kazini lilimbakia hata baada ya kazi yenyewe kumwacha. Walimwita Mita. Alikuwa msoma mita za maji, mtu wa kuchungulia nyua za watu na kutaka radhi kwa mbwa wao, mpaka zikaja mita zinazojisoma zenyewe. Sasa mtu mzima mwenye mvi za kwanza alikuwa anashinda sebuleni kwa mama yake, akijifunza kwa video namna ya kubuni sura za programu za simu.

Mwalimu wake alikuwa kijana wa kwenye video, kofia kageuza nyuma, anaongea kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Mita alimsimamisha, akamrudisha, akamuuliza maswali kwa sauti. Dada yake, msusi aliyeilisha nyumba ile kwa vidole vyake, alipita akacheka.

"Kaka, huyo hakusikii."

"Ananisikia kuliko wewe."

Mdomoni alijibu hivyo, lakini maji yalikuwa yamemfika shingoni. Umri ule, na kupanga vitufe kwenye mstari mmoja kulikuwa kunamtoa jasho.

Chumba cha pili alilala mama yao. Kiharusi kilikuwa kimemchukulia mkono na mguu wa kulia, kisha kikamchukulia maneno. Mama yule aliuza vitambaa sokoni kwa mdomo mtupu, mteja aliyekuja kuuliza bei akaondoka na jora, na sasa alikuwa amebakiwa na "ba" na hasira. Akitaka kitu aligonga sufuria kwa mwiko. Sufuria ikilia, jirani wao, mjane mmoja mpole, huacha kufua akaja mbio na mapovu mikononi. Mita naye huacha somo katikati, akiguna.

Ndipo likaja somo la prototaipu. "Hii ni programu ya maonyesho," alisema kijana wa kofia. "Mtu anabonyeza, ukurasa unabadilika, anaona kama inafanya kazi. Nyuma yake hakuna kitu. Mtengenezee mtu unayemjua, umwone akiitumia."

Mita akamtengenezea mama. Kwenye tableti kuukuu ya dada aliweka vitufe vikubwa: Maji, Choo, Njoo. Ukibonyeza Njoo, tableti inalia ting, kioo kinakuwa kijani, na maneno yanatokea: Mwanao anakuja. Basi. Haikutuma ujumbe wala kumpigia mtu simu. Hiyo ilikuwa elimu nyingine, na Mita hakuwa nayo. Lakini mwalimu alikuwa amefundisha ujanja: pale mashine isipoweza, ifanyie kazi yake wewe mwenyewe. Kwa hiyo Mita alikaa sebuleni, mlango wazi, na akisikia ting anaingia.

Mara ya kwanza mama alibonyeza, akamwona mwanawe anatokea mlangoni. Akatazama tableti, akamtazama yeye, akacheka kwa nusu ya uso. Akabonyeza tena hali Mita yuko mbele yake. Mita akatoka, akaingia upya. Wakacheza hivyo mpaka pumzi zikamwishia Mita. Ilikuwa zamani sana hajamfurahisha mtu.

Alikusudia kumwambia. Mama, hii ni ya majaribio, nakuja kwa sababu naisikia. Kila siku akalisogeza neno hilo hadi kesho. Angeanzaje? Amempa mama sauti, kisha amwambie sauti yenyewe ni ya kuigiza? Na ukweli wake, hata yeye alikuwa ameipenda. Akaichukua sufuria, akaisugua, akaiweka chini ya sinki pamoja na mwiko wake. Akamwambia jirani kwa majivuno, "Siku hizi mama ana kitufe."

"Jamani, dunia!" alisema jirani, akarudi kwenye beseni lake.

Njia ya mwongo ni fupi. Ya Mita ilikuwa ya kutoka sebuleni hadi chumbani.

Kisha ofisi moja ya watengeneza programu, aliyoipelekea maombi ya kazi, ikamwita aende kuonyesha kazi yake. Hakuwa ameitwa popote tangu mita zijisome. Dada, akiwa mlangoni kwenda saluni, alimsukuma: "Nenda kaka. Jirani yupo, nimeshamwambia." Mita akafunga tai ya marehemu baba, akamwekea mama maji, akafuta kioo cha tableti na kumlaza nayo kama alivyozoea. Akili yake ilikuwa ofisini tayari. Mama akamwinulia kidole gumba.

"Nakwenda narudi, mama."

Kule ofisini mkuu wao, mama mmoja wa miwani, aliichukua simu ya Mita, yenye nakala ya programu ile, akabonyeza Njoo. Ting. "Mwanao anakuja," akasoma kwa sauti, akaweka mkono kifuani. "Hii ina roho. Mama mwenyewe anaipenda?"

"Anaiamini," alisema Mita, kifua mbele.

Aliporudi alimkuta chini, kati ya kitanda na kiti, mdomo umepinda zaidi, tableti iko chini ya kiganja, kioo kijani. Mama hakuwa na lawama machoni, na hilo ndilo lililomuua Mita akiwa hai. Alipomwona alisogeza kidole kuelekea kwenye kioo, na ile nusu ya uso ikajaribu kucheka. Alikuwa amemwita, na mwanawe amekuja.

"Mngemleta mapema kidogo," alisema daktari, asimalizie. Mama hakurudi nyumbani.

Baada ya maziko jirani alikaa sakafuni sebuleni, analia. "Nilikuwa hapo nje nafua. Nimetega sikio, sufuria kimya. Nikasikia ile mashine. Ikalia, ikalia, ikalia. Nikasema moyoni afadhali, anamwita mwanawe, sasa hivi atafika."

Mita alitamani sakafu ipasuke immeze. Kwenye simu mfukoni kulikuwa na ujumbe wa ile ofisi: amepata kazi, aanze atakapokuwa tayari. Hakuujibu. Alijiuliza angebuni nini tena duniani, na kwa ajili ya nani.

Watu walipoondoka dada aliitoa tableti chini ya mito, akaigeuza mikononi. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Kaka, hiki kitufe kilikuwa kinapiga wapi?"

Mita aliinama, akaanza kukunja mkeka wa wageni. Dada akangoja, akachoka, akabonyeza mwenyewe.

Ting.

Kabla hajajua anafanya nini Mita alikuwa ameshasimama, ameshafika kwenye mlango wa chumba cha mama. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Nyuma yake dada alikuwa anasoma kioo, midomo ikicheza, bado anangoja jibu.