Mkaa Chini ya Udongo Mwekundu

Tulipopata uhuru, mama yangu Verdiane alikuwa wa kwanza hapa kijijini Karuba kufukia mitaro ya shamba. Wakoloni walituchimbisha mitaro hiyo kukingama mlima, kwa fimbo, ati mvua isibebe udongo. Mama aliifukia akiimba, sisi watoto tukikanyagakanyaga. Furaha ile siionei aibu hata leo.

Majuto ni mjukuu, ila huyu alikuja mapema. Mwishoni mwa 1961 mvua ilikataa kukatika. Baadaye sana wataalamu walieleza kwamba Bahari ya Hindi ilipata joto kupita kawaida, ikatutumia maji yake. Kwetu hakuna aliyewahi kuiona bahari, nayo ikatufikia mpaka mlangoni. Udongo wetu uliteremka bondeni pamoja na maharagwe.

Ilibaki mbegu ya kikapu kimoja. Papa Séraphin, mdogo wa marehemu baba, akaleta shauri.

"Shemeki, tuchome pori ya kule juu. Majivu njo itakuwa mbolea. Tupande kule."

"Na ile mbegu ikipotea, batoto batakula nini?" mama aliuliza.

Kesho yake walipanda mlimani kulitazama pori, nami nikawafuata. Tukakuta mlima umemeguka. Ukuta wa udongo ulisimama wazi, mrefu kupita nyumba, una mistari: udongo mweusi, juu yake mkaa, juu ya mkaa udongo mwekundu mnene. Kisha tena mweusi, mkaa, mwekundu. Chini kabisa lilitokeza shina ambalo watu wanne wasingeweza kulikumbatia. Mama alishika mkaa. Ulimchafua vidole kama wa jikoni kwetu.

Papa Séraphin, ambaye mdomo wake haukujua likizo, alihesabu mistari ile kwa kidole tu. Nilihisi tumeingia nyumbani kwa watu bila kupiga hodi.

"Kumbe mvua ya hivi ilikuyaka hapa zamani," mama alisema polepole. "Na bantu balichomaka, mulima ukabafunika. Benye balikuya nyuma bakachoma tena."

Alirudi nyumbani, akachukua jembe na kikapu cha mbegu, akaenda palepale alipokuwa ameimba. Akaanza kuchimba mtaro.

"Bazungu balishakwenda, shemeki," Papa Séraphin alimwambia. "Nani anakutuma?"

"Njo bale bantu benye mulima ulifunika," alijibu, akielekeza mpini kule kwenye ukuta. "Leta jembe yako."

Hakuna aliyeimba siku hiyo. Tulichimba mpaka mtaro ukavuka shamba zima, ndipo mama akafunua kikapu.