Turubai la Buluu

"Paa likitoboka, mwenye bima afanye nini kwanza?" Bwana Trahan aliuliza, akigonga ubao kwa kalamu. "Alifunike! Asiache hasara iongezeke. Swali hili halikosi kwenye mtihani wa leseni ya wakala wa bima."

Nadette Arceneaux aliacha kuandika. Trahan huyu, mwalimu wao wa jioni hapa mjini Houma, ndiye wakala aliyemuuzia mama yake bima. Kimbunga kilipong'oa vigae vya paa, binamu zake walipanda na turubai la buluu, nyundo mkononi. Mama akampigia Trahan simu, akaweka spika, wote wakasikia. "Msiguse kitu mpaka mkaguzi wa kampuni afike," akasema. Binamu wakashuka. Mvua ikanyesha sebuleni wiki nzima, na mkaguzi alipofika hatimaye, kampuni ikamnyima mama fidia ya kuta zilizooza. Eti alizembea kufunika paa. Mama, anayepiga deki hadi ngazi za nje! Sasa analala kwenye kochi la dada yake, na rufaa yake kwa kampuni inasikilizwa Ijumaa.

Nadette akasimama. "Na wakala akimwambia asifunike?"

Trahan alijua ni yeye anayesemwa. Uso ukamshuka. "Binti, hayo tuyaongee nje."

"Nje nimekufuata mara ngapi? Ofisini kwako ulijifungia chooni!" Darasa likacheka. "Jumatatu ulitufundisha nini kuhusu maneno ya wakala?"

"Hilo ni somo lingine."

"Ni hili hili! Au umelisahau kama ulivyomsahau mama yangu?"

Mwanamke wa kiti cha mbele, Bi Odessa, ambaye hakujua chanzo cha ugomvi, akapekua kitabu chake na kuinua mkono. "Akiwa kazini, neno la wakala ni neno la kampuni, mwalimu. Ulituambia tukariri hivyo."

"Ndivyo?" Nadette aliuliza.

Trahan akafuta jasho. "Ndivyo."

"Na wewe ulimwambia nini mama?"

Trahan alitazama mlango. Ulikuwa mbali. "Nilimwambia asubiri mkaguzi. Jamani, ndivyo tunavyowaambia wateja wote."

"Basi Ijumaa utakuja kuyasema hayo hayo mbele ya kampuni yako. Hawa wote wamekusikia."

"Sitakuja popote, na hakuna hapa atakayekuja kukutolea ushahidi."

Bi Odessa alifunga kitabu taratibu.

"Mimi nitakuja," akasema. "Hata mimi, paa langu lilipong'oka, uliniambia nisubiri."