Jani la Isale kwa Dereva wa Makaa

Mwalimu Eliza alikata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, pale migomba ya marehemu baba yake inapokutana na ya jirani, akalifunga fundo na kulilaza juu ya madaftari mkobani. Kwa Wachagga jani hilo huomba msamaha, na anayepelekewa hapaswi kulikataa. Alikuwa amewaona wengine wakilibeba. Yeye hakuwahi kulihitaji.

Kosa lake lilikuwa na siku tisa. Katika ukumbi wa usharika, huko Uru, ulifanyika mdahalo: je, Tanzania ina wajibu wa kuacha makaa ya mawe sasa, au ingoje nchi zilizotangulia kuyachoma? Eliza, anayefundisha jiografia, alikuwa amejiandaa kuliko wote. Alieleza hewa ya ukaa, akaeleza mvua zilizosahau majira yake na kahawa inayochanua ovyo. Hapo angeketi. Badala yake akaongeza: "Wajibu wa taifa huanza na mtu. Wapo kati yetu wanaotubebea moshi huo kwa lori kutoka Ruvuma, halafu Jumapili wanatoa sadaka."

Vichwa vyote viligeuka kumtazama Eliufoo, mdogo wake, dereva wa lori la makaa. Alichukua kofia yake akatoka. Tangu hapo hakupokea simu, na alimwarifu mama yao kwamba Jumapili hatafika kwenye ibada ya kushukuru miaka themanini yake. Mama hakumlaumu Eliza. Aliendelea kupanga viti vya wageni, na kila mara alikiweka kimoja kando.

Eliza alimkuta Eliufoo nyumbani kwake Njoro, akifungua gurudumu la lori, mikono myeusi hadi viwikoni.

"Karibu," alisema, bila shikamoo. Eliza alilisikia pengo hilo. Ndiye aliyemfundisha kusoma.

"Nimekuletea hili."

Eliufoo alilitazama jani, lakini hakunyoosha mkono. "La maneno, au la makaa?"

"La maneno. Kuhusu makaa sijabadilika."

"Basi tuongee makaa, mwalimu. Wenzetu wamechoma miaka mia mbili, wakajenga reli na hospitali. Wamekuletea isale?"

"Bado."

"Sisi tumechoma kiganja kimoja, na mimi ndiye ninayesemwa mbele ya usharika. Nikiliacha lori hili, ada ya Primus utalipa kwa takwimu?"

Swali la ada hakuligusa ukumbini. Primus, mtoto wa Eliufoo, alikuwa kidato cha tatu.

"Nilipaswa kuanza na hilo," alisema Eliza. "Na nilikosea kukubebesha peke yako. Gauni nililovaa siku ile limetoka kiwandani unakopeleka makaa."

"Lile la kijani?"

"Ndilo."

"Halikupendezi hata kidogo."

Eliza aliuma mdomo asicheke. Eliufoo akainama tena kwenye gurudumu. "Bado hujanijibu. Waliochafua zaidi wamekaa tu. Kwa nini tuanze sisi?"

Siku ile angemjibu kwa tarakimu. Sasa alibaki na jani tu, na lilianza kunyauka.

"Wao nao wanapaswa kuleta, tena kubwa kuliko hili, na tusiache kuwadai. Lakini kosa lao halikufuta langu. Nimekaa siku tisa nikijiambia kwamba mdogo ndiye huja kwa mkubwa. Kila siku ilikuwa mbaya kuliko iliyotangulia."

Eliufoo alijifuta kwa kitambaa, akalipokea kwa ncha za vidole. Hata hivyo liliingia weusi. Akalichomeka juu ya kioo cha lori, akabaki amempa Eliza mgongo.

"Ibada saa ngapi?"

"Saa nne."

"Nitashusha mzigo Jumamosi. Tukishakula, tutaendelea na mdahalo. Nami nitakuja na takwimu zangu."

"Zilete. Nitazikagua."

"Najua." Ndipo akageuka. "Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Eliza alimpigia mama yao simu akiwa palepale, ili kile kiti kirudishwe mstarini.