Tatu kwa Sitini na Nane

Mimi ni mvivu wa kuandika, hilo sitalificha. Desemba ile ya 2009 nilikuwa na ripoti sitini na nane za darasa la sita, nikachoka kurudia "amekuwa wa ngapi kati ya wangapi." Nikaandika kwa mkato. Nyanzobe Mabula, nafasi: 3/68. Ndugu yake wa baba mmoja, Ngusa: 61/68. Nikagonga mihuri, nikapanda basi kwenda kwetu Mlowo kula sikukuu.

Kwa Nyanzobe nilikuwa na furaha ya pekee. Baba yake alikuwa mfugaji aliyehamia bonde la Momba na ng'ombe wengi kuliko madawati yetu. Kwenye kikao cha wazazi aliniambia, "Mwalimu, akifaulu atasoma. Akifeli, kuna watu wa Galula wameshamuulizia kumwoa. Nangoja karatasi yako." Mzee Mabula hana kauli mbili. Nikatabasamu, maana nilijua karatasi itasema nini.

Januari shule ilipofunguliwa, Ngusa alikuja na viatu vipya. Nyanzobe hakuja. Nilipomuuliza Ngusa dada yake yuko wapi, akaviangalia viatu vyake. Siku ya nne nikachukua baiskeli.

Njiani nilipishana na pikipiki mbili zikienda kasi. Ya nyuma ilibeba mtu katikati ya wanaume wawili, amefunikwa kanga hadi kichwani. Akachomoa mkono akapunga. Nami nikapunga, kama ninavyowapungia wote, nikaendelea kukanyaga pedali.

Nilipofika, kitu cha kwanza kuona ni ng'ombe kumi na kitu zizini, wamejikusanya pembeni, hawajazoeana na wenzao. Sikuipenda hali ile hata kidogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Asante kwa kutonificha." Akatoa ripoti mbili mfukoni. Maneno hajui kuyasoma, ila namba anazijua vizuri. Kila jioni alikuwa akikagua daftari za watoto, na huko mimi huandika 4/10, 9/10. "Ngusa, sitini na moja kwa sitini na nane. Nimemnunulia viatu. Huyu mwingine, tatu. Tatu kwa sitini na nane, mwalimu. Hata mimi ningepata zaidi."

Nikaweka kidole kwenye namba ya Nyanzobe.

"Mzee, hizo si maksi. Hiyo ni nafasi. Nyanzobe amekuwa wa tatu. Darasa zima wamemzidi watoto wawili tu. Ngusa ndiye yuko mkiani."

Aliitazama karatasi muda mrefu, akapitisha kidole juu ya muhuri wangu.

"Na yeye alisema hivyohivyo," akajibu taratibu. "Siku tatu analia, anasema hivyohivyo. Nikamwambia, kama ni kweli, mwalimu wako angeandika."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani.

"Yuko wapi, mzee? Niitie niongee naye."

Mabula akanishangaa.

"Si mmepishana njiani sasa hivi," alisema. "Hakukusalimia?"